Mkate wa Mgonjwa

Mwaka jana mteja mmoja wa ng'ambo alinitumia kazi: maneno elfu moja kuhusu namna ya kuoka mkate wa haraka nyumbani, usio na wanga mwingi wala gluteni. Malipo dola nne. Sikuwa nimewahi kuoka mkate wowote maishani, lakini hiyo haijawahi kuwa sababu ya kukataa kazi. Tangu nitoke chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa kupatikana, nimeandika kuhusu bima ya mbwa, mabomba ya maji yanayoganda huko Canada, na jinsi ya kuchagua suti ya harusi. Naandika, natuma, nalipwa, nanunua tokeni za stima. Maisha yanasonga.

Hii moja ilinikwama kooni kwa sababu ya mtu aliyekuwa upande wa pili wa pazia.

Mathe ameuza mandazi kwenye kibanda nje ya ploti yetu, Kayole, kwa miaka kumi na sita. Mandazi ndiyo yaliyonilipia sekondari, na hiyo miaka miwili ya chuo. Miezi mitatu kabla ya kazi hiyo kuja, alipimwa kliniki akaambiwa ana sukari. Akapewa vidonge na karatasi yenye orodha ya vyakula vya kupunguza. Mkate ulikuwa wa kwanza. Chapati ya pili. Mandazi ya tatu.

Hakuacha kazi, angeachaje? Aliendelea kuamka saa kumi alfajiri, akakanda unga, akakaangia watu wengine. Halafu saa mbili, wateja wakishapungua, anakaa kwenye kile kiti chake cha plastiki na kikombe cha chai bila sukari, bila kitu cha kuisindikiza. Si mtu wa kulalamika. Alisema mara moja tu: "Hii chai siku hizi inapita tu kama maji ya bomba."

Basi nikawa naandika, "mkate huu mtamu utabadilisha asubuhi yako," huku nikisikia mafuta yake yakichemka. Nikamaliza, nikatuma. Lakini sikuweza kuifunga ile kompyuta. Nilikuwa nimedhani mkate wa aina hii ni mambo ya watu wa Kilimani, wale wa jimu na chupa za maji za elfu tano. Nikataka kujua umetoka wapi hasa.

Kumbe umetoka hospitalini.

*

Tuanze mbali kidogo. Karibu miaka elfu mbili iliyopita, daktari mmoja wa Kigiriki aitwaye Aretaeus, kutoka Kapadokia, sehemu ambayo leo ni Uturuki, aliandika kuhusu magonjwa mawili. La kwanza lilimfanya mtu akojoe bila kukoma mpaka akakonda kama anayeyeyuka. La pili lilikuwa la tumbo: chakula kinaingia na kutoka bila mwili kufaidika. Leo la kwanza tunaliita kisukari. La pili linaitwa siliaki, neno lililotokana na lile la Kigiriki la tumbo. Daktari mmoja, magonjwa mawili, na hakuna aliyejua kwamba yote mawili yangekuja kugombana na mkate, kila moja kwa sababu yake.

Ukitaka kuelewa ugomvi huo, fanya jaribio hili. Chukua donge la unga wa chapati uliokandwa vizuri, ukubwa wa ngumi, ulioshe chini ya bomba polepole. Maji yatatoka meupe kama maziwa. Huo ni wanga unaondoka. Endelea kukamua mpaka maji yawe safi. Kitakachobaki mkononi ni kitu cha kijivujivu, kinavutika kama chingamu halafu kinarudi. Hiyo ndiyo gluteni, protini inayofanya chapati ivutike bila kuraruka na mkate uumuke bila kuanguka. Jacopo Beccari, msomi wa Bologna, Italia, alichapisha jaribio hilo mwaka wa 1745.

Sasa, mgonjwa wa kisukari anaumizwa na yale maji meupe. Wanga ukifika tumboni unageuka sukari, na mwili wake hauwezi kuituma sukari hiyo inakotakiwa. Mgonjwa wa siliaki anaumizwa na ile chingamu: akila gluteni, kinga ya mwili wake inashambulia utumbo wake mwenyewe. Tunaviweka viwili hivi kwenye sentensi moja, "bila wanga, bila gluteni," kana kwamba ni kitu kimoja. Sivyo. Na historia yake ni ya ajabu, maana mkate wa kwanza wa kisasa wa wagonjwa wa kisukari ulitengenezwa kwa gluteni yenyewe.

Aliyeuleta ni Apollinaire Bouchardat, mfamasia na daktari wa Paris. Mwaka wa 1841, yaani miaka themanini kabla ya insulini, daktari hakuwa na dawa yoyote ya maana ya kumpa mgonjwa wa sukari. Alichoweza kubadilisha ni sahani. Bouchardat alijua wagonjwa wake wangeweza kuacha viazi, wangeweza kuacha keki. Lakini kumwambia Mfaransa aache mkate ni kama kumwambia mtu wa Kakamega aache ugali. Kwa hiyo akafanya kile ambacho wewe umefanya pale bombani: akaosha wanga, akaoka kilichobaki. Mkate wa gluteni. Ulikuwa mgumu, haukuwa na ladha ya kusifiwa, lakini uliwekwa mezani ukaitwa mkate.

Miaka thelathini baadaye, kati ya Septemba 1870 na Januari 1871, jeshi la Prussia liliizingira Paris na chakula kikaisha. Watu walikula farasi, wakala panya. Katikati ya njaa hiyo Bouchardat aliona jambo: sukari ilipotea kwenye mkojo wa baadhi ya wagonjwa wake. Njaa iliyokuwa ikiua jirani zao iliwapa wao nafuu. Shika hilo la njaa, tutarudi kwake.

Kule London, daktari mwingine alikuwa ameshachukua njia tofauti. Frederick William Pavy wa hospitali ya Guy's, mwanafunzi wa zamani wa Claude Bernard, hakuona haja ya kuhangaika na ngano. Mwaka wa 1862 alipendekeza mkate wa lozi. Lozi zina mafuta na protini nyingi, wanga kidogo sana. Unazisaga, unachanganya na mayai, unaoka. Pavy alikuwa anakimbia wanga tu. Bila kukusudia, alitoa gluteni pia. Ukifungua leo maelekezo yoyote ya mkate wa keto, utamkuta Pavy amekaa mle ndani na unga wake wa lozi, miaka mia moja na sitini baadaye, bila jina lake kutajwa.

Hata hilo neno keto lilizaliwa hospitalini. Mwaka wa 1921, Russell Wilder wa Mayo Clinic, Marekani, alipendekeza chakula cha mafuta mengi na wanga kidogo kwa wagonjwa wa kifafa. Kilitumika sana kwa watoto. Hakikuanza kwa ajili ya kiuno cha mtu yeyote.

Miaka hiyo kabla ya insulini ilikuwa migumu kuisoma. Frederick Allen, daktari wa New York, aliwatibu wagonjwa wa kisukari kwa kuwanyima chakula. Mboga zilichemshwa mara tatu, maji yakamwagwa kila mara, ili hata kile kiwanga kidogo kilichomo kiondoke. Watoto walibaki mifupa. Walikuwa wakinunua muda, wakisubiri kitu ambacho hawakujua kama kipo njiani. Kilikuwepo. Januari 1922, huko Toronto, kijana aitwaye Leonard Thompson, mwenye uzito wa kilo 29 hivi, alidungwa insulini. Sindano ya kwanza haikufanya vizuri. Dawa ikasafishwa zaidi, na siku kumi na mbili baadaye akadungwa tena, sukari ikashuka. Aliishi miaka mingine kumi na tatu.

Nilisoma hayo usiku wa manane na nikamfikiria mathe na vidonge vyake kwenye ile karatasi ya kaki. Vidonge vinavyopatikana kwenye duka la dawa la mtaani. Kuna watu waliotembea njia ndefu mpaka hapo.

*

Na ile siliaki? Kwa miaka mingi madaktari waliona watoto wamevimba tumbo, miguu kama vijiti, na hawakujua kinachowala. Mwaka wa 1924 daktari wa New York, Sidney Haas, aliandika kwamba watoto hao wanapona wakilishwa ndizi. Ndizi kwa wingi, na hakuna mkate, hakuna viazi, hakuna nafaka. Na kweli walipata nafuu. Dunia ikasifu ndizi. Lakini ndizi haikuwa dawa. Dawa ilikuwa kile kilichoondolewa mezani. Waliodhani wamepona na kurudia mkate, ugonjwa uliwarudia.

Aliyeng'amua ni Willem Dicke, daktari wa watoto wa mji wa The Hague, Uholanzi. Tangu miaka ya 1930 alikuwa akishuku ngano. Kisha vikaja vita. Majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, Wajerumani walizuia chakula kuingia magharibi mwa Uholanzi, na ngano ikawa adimu. Watu walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Maelfu walikufa. Lakini baadhi ya watoto wa Dicke, wale waliokuwa wakiteseka miaka yote, walikuwa wakipata nafuu. Mkate uliporudi, nao wakarudia kuugua. Mwaka wa 1950 alitoa tasnifu yake kwenye Chuo Kikuu cha Utrecht kuonyesha kwamba ngano ndiyo mkosaji, na yeye na wenzake wakaendelea mpaka wakafika kwenye gluteni.

Paris 1870, Uholanzi 1944. Mara mbili, njaa ilifanya kile ambacho hakuna daktari angethubutu kufanya: iliondoa mkate kwa watu wote pamoja, wagonjwa na wazima. Na hapo ndipo ikaonekana nani mkate ulikuwa ukimuumiza.

*

Sasa turudi Kayole, maana kusoma hakumpi mtu kifungua kinywa.

Niliingia supamaketi kutafuta unga wa lozi. Nikaangalia bei, nikarudisha pakiti pale pale nilipoitoa. Pavy hakuwa ameniwazia mimi. Hata mkate wa kawaida hapa kwetu si kitu cha mzaha: tunaagiza ngano nyingi kutoka nje, na vita vya Ukraine vilipoanza mwaka wa 2022 tuliviona dukani. Juni 2024, serikali ilitaka kuweka ushuru wa asilimia 16 kwenye mkate. Pendekezo hilo lilitolewa kabla ya tarehe 25, lakini wengi wetu tulikuwa tumeshaamua kuingia barabarani. Mkate umeshaleta watu mjini hapa.

Lakini njugu karanga tunazo. Kwenye gramu 100 za njugu kuna karibu gramu 16 za wanga, na nusu yake ni nyuzinyuzi. Mkate mweupe una karibu gramu 50. Nikasema basi, lozi ya maskini ni hii.

Tatizo lililobaki ni oveni. Hatuna. Tuna meko ya gesi na jiko la makaa. Jaribio la kwanza nilifanya ndani ya sufuria juu ya gesi. Chini likaungua likawa lami, juu likabaki uji. Harufu ilishuka ngazi mpaka kwa jirani yetu wa chini, mama mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, anayeishi Nairobi kwa sababu ya wajukuu. Akapanda kuja kuona nani anachoma nyumba.

"Wapika nini, mwanangu?"

"Mkate, bibi. Wa mama. Hatakiwi kula ngano nyingi."

Akaangalia sufuria, akacheka, akakaa. "Kwani mkate ni ngano? Nani alokwambia?"

Halafu akanipa somo ambalo sikulipata chuo. Kwao kuna mkate wa mofa, wa unga wa mtama, unaobandikwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo. Kuna mkate wa kumimina, wa mchele na tui la nazi. Hakuna ngano ndani ya wowote. Baadaye nikafungua kamusi nikakuta hata tumbaku iliyofinyangwa inaitwa mkate wa tumbaku. Kwa Kiswahili, mkate ni umbo kabla ya kuwa ngano. Ile picha yetu ya mkate, slesi nyeupe kwenye karatasi ya nailoni, ni ya juzi. Pwani waliijua ngano mapema kupitia biashara ya Bahari Hindi, lakini mashamba makubwa ya bara yalikuja na walowezi. Lord Delamere alipanda ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, ugonjwa wa kutu ukaifyeka, akamwajiri mtaalamu wa mbegu ili kupambana nao. Kampuni ya Unga Limited ilianza mwaka wa 1908. Yaani mkate wa dukani tunaouona kama urithi wetu una umri wa nyanya wawili hivi.

Lakini tusidanganyane. Mkate wa kumimina hauna gluteni, ila wanga upo tele na sukari inaingia kwa kikombe. Mtu wa siliaki anaula kwa amani. Mathe hapana. Nilichochukua kwa bibi ni moto: sufuria yenye moto mdogo chini, na makaa yamepaliwa juu ya kifuniko. Hiyo ndiyo oveni, imekuwepo muda wote.

Kuna deni moja zaidi la kutaja. Mkate huu ni wa haraka kwa sababu hauna hamira. Mwaka wa 1843, Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, alikuwa na mke, Elizabeth, ambaye tumbo lake halikuelewana na hamira. Bird akatengeneza poda ya magadi na asidi ambayo ikilowa inatoa hewa yenyewe, na mkate unaumuka bila kusubiri. Ni ile bekingi poda iliyo kwenye kila duka mtaani kwetu. Baadaye ilifika mpaka kwa wanajeshi wa Uingereza kwenye vita vya Crimea, lakini ilianza na mwanamke mmoja aliyetaka kula mkate kama watu wengine nyumbani kwake.

Basi hivi ndivyo ninavyofanya. Chagua njugu vizuri, tupa zilizokunjamana na zenye ukungu, hiyo sumu ya kuvu si ya kuchezea. Kaanga bila mafuta, toa maganda, saga kwenye blenda mpaka ziwe laini kama siagi. Pima kikombe kimoja. Ongeza mayai matatu, kijiko kikubwa cha siki, chumvi kidogo na nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Siki na soda zikikutana zinafanya ile kazi ya poda ya Bird, kwa hiyo usizembee: koroga, mimina kwenye sufuria ndogo iliyopakwa mafuta, funika, palia makaa. Dakika 30 hivi. Choma na kijiti. Kikitoka kikavu, umeiva. Uache upoe kabla ya kukata, la sivyo utavunjika. Kama unampikia mtu wa siliaki, hakikisha blenda na sufuria havina hata vumbi la ngano.

Na usimwachishe mgonjwa wanga ghafla bila kuuliza kliniki. Nesi alituambia waziwazi: chakula kikibadilika na dawa isibadilike, sukari inaweza kushuka mno, na kushuka nako kunaua. Tuliuliza kwanza. Tukapewa ratiba ya kupima.

Mkate wa nne ndio uliofaulu. Nilimpelekea mathe kibandani saa mbili, slesi mbili kwenye kisahani, kando ya chai yake. Akaugeuza, akaunusa, akachovya.

"Ni mkavu kidogo," akasema. Akachovya tena. "Kesho ongeza mafuta."

Akala ya kwanza yote. Ya pili hakuigusa. Akaifunga kwenye kipande cha gazeti, akaiweka juu ya rafu, mbali na mandazi.

"Hiyo ni ya nani?"

"Kuna yule mzee soja wa geti la shule," akasema. "Alikuwa anachukua mandazi tatu kila asubuhi. Tangu mwezi wa tano anachukua chai peke yake. Hajaniambia kitu, lakini mimi najua."